Jina Chini ya Ramani

Watu wa Barranquilla, mji wa bandari, wana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni utani. Nimekaa nao miaka mingi, najua ninachosema. Ukianguka barabarani watakuokota, tena watakuokota vizuri na kukupangusa vumbi, lakini kwanza watacheka mpaka wajishike mbavu. Ukifiwa watakuja msibani, na kabla kahawa haijapoa mmoja wao atakuwa ameshamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Na ole wako ukasirike! Anayekasirika hubandikwa jina, na jina hilo litamfuata mpaka aingie udongoni. Wenyewe wanasema hiyo ndiyo raha ya mji. Mie kila nikiwasikia wanacheka kwa pamoja namkumbuka Everlides Cassiani, na chakula kinanishinda.

Everlides alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Mama yake, Mama Dominga, alitokea kijiji cha Palenque, na kwa miaka arobaini alizunguka mji akiwa na beseni la kashata za nazi kichwani, akinadi kwa sauti iliyosikika hadi mtaa wa pili. Kwa kashata hizo binti akasoma chuo cha ufundi, masomo ya jioni, na kutoka chuoni akaingia kwenye kampuni ndogo ya Injinia Abelardo Donado. Alikuwa na vidole vya ajabu. Uzi wa kioo, huu ambao siku hizi kila mtu anauita faiba, ni mwembamba kuliko unywele, na ukitaka kuunga nyuzi mbili inabidi uzikate, uzisafishe, uzilaze uso kwa uso ndani ya mashine ndogo ili izichome zishikane. Mafundi wenzake walirudia mara tatu, mara nne, huku wakitukana. Everlides alifanya mara moja tu, akafunika, akaenda zake.

Lakini hakutaka kuishia kwenye kuunga. Alitaka kusanifu, na kusanifu aliweza. Tatizo lilikuwa jina. Kila mtandao mkubwa una ramani yake, karatasi pana inayobandikwa ukutani kwenye chumba cha mitambo, na chini kulia pana kisanduku kilichoandikwa: Imesanifiwa na. Mteja akiridhika, anasoma pale. Mteja mwingine akija kutembea, anasoma pale. Fundi asiye na jina pale ni kibarua, hata awe na akili ya Suleimani. Katika miaka tisa Everlides alikuwa amechora mitandao minne kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ya kiwanda cha unga, ya hospitali ya masista, ya maghala mawili ya bandarini, na yote minne kisanduku kilisema Inj. A. Donado.

Mara ya kwanza alipouliza, Injinia alimjibu mbele ya ofisi nzima. "Everlides mwanangu, mteja akisoma Cassiani hapo, ataniuliza kama mtandao unauzwa pamoja na kashata."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Everlides naye akacheka. Hapo ndipo alipokosea, maana kwa watu hawa ukishacheka umetia sahihi. Tangu siku hiyo akawa Beseni. Beseni, lete ile kebo. Beseni, umeonaje mechi ya timu yetu ya Junior jana? Na yeye anaitika, anatabasamu, na moyoni anameza shubiri.

Basi mwaka wa tisini na sita mwishoni ikaja kazi ya gazeti la El Tajamar. Mwenye gazeti alikuwa Bi Ofelia Insignares, mjane wa miaka sabini, mkavu kama ukuni, mwanamke pekee mjini ambaye Injinia Donado alimwogopa. Alikuwa na kompyuta mia na ishirini kwenye ghorofa tatu, na nyuma ya jengo mtambo wa kuchapia na ghala la karatasi. Mtandao wake wa zamani ulikuwa wa kebo moja tu, na fundi bomba mmoja aliitoboa akitafuta mfereji wa choo, gazeti likakosa kutoka siku mbili.

"Sitaki kusikia tena kwamba kebo imekatika," Bi Ofelia alisema. "Ikatike ikitaka. Nisisikie."

Everlides akachora. Miezi miwili alichora. Aliuzungusha uzi jengo zima mpaka mwisho ukakutana na mwanzo, pete kamili, tena pete mbili zinazokwenda kinyume, moja kulia na moja kushoto. Ukiukata popote, habari zinageuka pale pale na kurudi kwa njia ya pili, na aliyekaa kwenye kompyuta anaendelea kupiga chapa hajui hili wala lile. Wajenzi walipotaka kuokoa nusu siku na kupitisha kebo ya kwenda na ya kurudi kwenye tundu moja karibu na vyoo, Everlides aliwasimamia mpaka wakavunja ukuta upya. "Njia mbili kwenye tundu moja ni njia moja," aliwaambia. Walimtukana, lakini walivunja.

Ila mtandao wa namna hii una hatari yake, na hatari yenyewe ni huo uvumilivu wake. Ukikatwa mara ya kwanza haulii. Unageuza njia, unaendelea na kazi, na dalili pekee ni kitaa kinachotoka kijani na kuwa cha njano ndani ya kabati la vyuma kila upande wa palipokatika, makabati ambayo hakuna anayeyafungua ila fundi. Kuanzia hapo unasimama kwa mguu mmoja. Ukikatwa mara ya pili unaanguka wote. Ndiyo maana kila siku fundi hupita kabati moja hadi jingine na karatasi ya ukaguzi, anatazama vitaa, anaandika: sawa, sawa, sawa. Makabati ya El Tajamar yalikuwa matano, na karatasi ilikuwa ya Everlides.

Injinia alipoiona ramani ilivyotulia, alikaa nayo muda mrefu bila utani wowote. Kisha akasema, Magaly katibu akisikia, "Hii ikipita kwenye mkasi, jina ni lako."

Mkasi ni desturi ya mafundi wa huko. Siku ya kukabidhi, mashine zote zikiwa kazini, mteja ananyoosha kidole kwenye kebo yoyote anayoitaka, na inakatwa mbele ya macho ya watu. Kompyuta zikiendelea, kazi imepokelewa. Siku ikapangwa Ijumaa, kesho yake Kanivali, sherehe kubwa ya mwaka ya ngoma na mavazi, inaanza, kwa sababu Bi Ofelia alisema kama mtandao ni dume basi uonyeshe udume siku gazeti lina kurasa nyingi kuliko zote.

Wiki moja kabla, Magaly akamwita Everlides kwenye meza yake. Alikuwa ameinamisha uso.

"Shoga, sikia. Sijui hata nikwambieje." Akamfunulia nakala ya ramani. Chini kulia: Imesanifiwa na Inj. Yamil Donado.

Yamil alikuwa mtoto wa kaka yake Injinia. Alikuwa na miezi mitatu kazini, na siku ya pili tu aliuliza umeme unaingilia upande gani wa uzi wa kioo, uzi ambao hubeba mwanga tu.

Everlides akaenda mbio mpaka kwa bosi. "Injinia, uliniahidi."

"Niliahidi, ndiyo." Donado hakuinua hata kichwa. "Lakini kijana anataka kuoa, Beseni. Baba wa binti anataka mkwe mwenye jina. Sasa wewe jina la nini, na mume huna?"

Ofisi ikacheka. Everlides safari hii hakucheka.

Na sasa nikwambie ambacho yeye hakukijua, maana sitaki nikufiche kama walivyomficha. Ulikuwa utani. Wote walikuwamo, Injinia, Magaly, Yamil, mpaka mzee wa getini. Ramani ya kweli ilikuwa imeshachapwa na jina lake, imekunjwa kabatini. Walipanga kumchoma moyo wiki nzima, halafu Ijumaa waifungue mbele ya watu, alie kwa furaha, wacheke. Keki ilikuwa imeagizwa. Ndivyo wanavyompenda mtu huko. Yaani zawadi hawaijui mpaka waitangulizie kofi.

Wiki nzima wakamgeuza ngoma. Yamil anamfuata na daftari: "Dada Ever, nifundishe basi niseme nini Ijumaa. Hiyo pete tunasema ni ya dhahabu au ya fedha?" Magaly anapiga simu kwa sauti, anajifanya anaongea na fundi cherehani wa suti ya Yamil. Injinia anapita, anampiga begani: "Vumilia, Beseni. Utasimama nyuma ya Yamil, picha itakupata nusu uso."

Mtu mwingine angenusa. Lakini Everlides alikuwa ameshanyang'anywa mara nne kweli kweli, bila utani wowote, na wale wale watu walicheka kicheko kile kile. Angetofautishaje? Kila jioni alirudi nyumbani na kukisukuma chakula kando. Akufukuzaye hakwambii toka, alijiambia, na akaanza kuhesabu ni kampuni gani nyingine mjini ingemchukua fundi asiye na jina hata moja ukutani.

Alhamisi saa sita mchana alipita kukagua. Kabati la kwanza kijani, la pili kijani, la tatu kijani. La nne, mlangoni mwa ghala la karatasi, njano. Akaenda la tano, kwenye mtambo wa kuchapia. Njano.

Juu, watu mia na ishirini walikuwa wanaandika habari za malkia wa Kanivali, hakuna aliyehisi kitu. Everlides akachukua kalamu yake ya mwanga mwekundu, akaichomeka kwenye ncha ya uzi, akaifuata kebo kwenye ujia wa ghala akitazama juu. Watu wa gazeti walikuwa wamepamba ujia mzima kwa bendera za karatasi, na bendera walizibana ukutani kwa ile mashine ya kufyatulia pini, tap, tap, tap. Pini moja ilikuwa imepita katikati ya kebo. Pale penye pini, mwanga mwekundu ulikuwa unavuja taratibu.

Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Toa pini, kata, safisha, unga, funika. Mashine ya kuungia ilikuwa begani mwake. Aliitua chini, akafungua na mkanda. Kutoka ofisi ya ghala, upande wa pili wa ukuta, akamsikia Yamil anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya makarani: "Mimi, kama msanifu wa mtandao huu..." Na makarani wanapiga makofi.

Everlides akakaa juu ya bunda la karatasi. Simtetei. Pini ilikuwa juu ya kichwa chake, ule wekundu unaonekana. Alifikiri kesho Bi Ofelia atanyoosha kidole, mkasi utakata, na kompyuta zote zitakufa chini ya jina la Yamil Donado. Aliuona uso wa Injinia. Aliusikia ukimya wa ofisi ambayo kwa mara ya kwanza haina cha kuchekea. Ikamwingia raha mbaya, raha ya tumboni, ambayo miaka tisa hakuwahi kuionja. Hasira hasara, wamesema wahenga, lakini hawakusema kwamba hasira ina utamu wake kwanza.

Akafunga mkanda wa mashine. Akatoa kalamu ya wino, na kwenye karatasi ya ukaguzi, mbele ya kabati la nne na la tano, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: sawa, sawa. Akatia sahihi, akaipeleka kwa Injinia.

"Mzima?" Injinia akauliza.

"Mzima."

"Hongera kwa Yamil," akasema Donado, na Magaly akajifunika mdomo kwa faili.

Jioni ile alimkuta mama yake anapiga pasi gauni jeupe la kanisani, siku ya Alhamisi. Mama Dominga alikuwa anajichekea mwenyewe. Injinia alikuwa amemfuata sokoni asubuhi ile, kwa gari, akamwambia kila kitu na kumwapisha asiseme.

"Kesho huenda nikapita huko kwenye gazeti lenu," mama akasema, macho kwenye pasi.

"Usije, mama. Kesho hakuna cha kuona huko."

"Hata nikiwa na kashata zangu?"

"Mama, nimesema usije!"

Mama akainamia pasi. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko, na binti yake alishaingia chumbani na kufunga mlango.

Ijumaa saa kumi alasiri chumba cha habari kilijaa. Waandishi walikuwa kwenye kompyuta zao, wengine tayari na kofia za Kanivali, unga mweupe wa sherehe nyusoni, upepo wa Februari unapiga madirisha. Bi Ofelia alikaa kwenye kiti katikati. Yamil alikuwa ndani ya suti. Everlides alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, mtulivu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuepusha macho alipotazamwa. Injinia akapanda kwenye kistuli na ramani iliyokunjwa.

"Bi Ofelia, waheshimiwa. Kabla ya mkasi, mjue aliyesanifu. Ni mtu mwenye kipaji, ila ni mgumu wa kushukuru. Wiki nzima ameninunia!" Akaiachia ramani ikafunguka mpaka chini.

Imesanifiwa na Everlides Cassiani.

Chumba kikalipuka. Yamil akavua koti la suti, ndani fulana imeandikwa BESENI kwa wino mwekundu, akaanza kucheza. Magaly alikuwa analia na kucheka. Unga ukarushwa. Na kutoka nyuma ya mlango wakamtoa Mama Dominga, gauni jeupe, beseni kichwani limejaa kashata za wageni wote. Akatua beseni, akaisogelea ramani. Hakujua kusoma vizuri, ila jina lile alilijua, alilinunua yeye kwa miaka ya jua. Akaliwekea kidole.

"Hili hapa?" akauliza. "Hili ndilo?"

"Ndilo, Mama Dominga," Injinia akasema. "Na litabaki hapo ukutani."

Everlides alikuwa bado kule nyuma. Wakamsukuma mbele kwa mikono kumi. Machozi yakamtoka, na watu wakasema, oneni, oneni analia, tuliwaambia atalia!

"Ile pale," akasema Bi Ofelia, akanyoosha kidole kwenye kebo inayotoka ghorofa ya kwanza kwenda ya pili. "Na akate mwenyewe aliyesanifu."

Mkasi ukawekwa mkononi mwake.

"Injinia," akasema kwa sauti ndogo. "Tusikate."

"Anasemaje?"

"Tusikate. Pete imekatika kule ghalani. Tangu jana."

Yamil akapiga yowe: "Jamaniii! Anatulipa! Beseni anatulipa!" Na hapo walicheka kuliko walivyocheka mwanzo. Walipigana mabega. Mwandishi mmoja aliangukia meza. Miaka tisa walikuwa wanamngoja Beseni naye ajibu utani, na sasa alikuwa amejibu, tena mbele ya Bi Ofelia, tena kwa uso mkavu namna ile. Walimvulia kofia.

"Sitanii! Haki ya Mungu sitanii, kuna pini kwenye kebo! Nendeni mkatazame taa!"

"Anaweza huyu!" Magaly akapiga makofi. "Hata mdomo unamtetemeka!"

"Nipeni dakika ishirini tu, nitaunga. Injinia, nakuomba. Dakika ishirini."

"Miaka tisa ananidai jina, leo nimempa anataka dakika ishirini!" Donado alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akatoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua, akaiinua juu kila mtu aone. "Na hii sahihi ya nani, mwanangu? Kabati la nne, sawa. La tano, sawa. Ya jana hii. Ulinidanganya jana au unanidanganya leo?"

Everlides alimgeukia mama yake. Mama Dominga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, anacheka pamoja na watu, ana furaha ambayo Everlides hakupata kuiona usoni mwake tangu azaliwe.

"Kata, kata, kata!" watu wakaimba, wakipiga meza.

Everlides akarudisha mkono nyuma. Injinia, kwa mapenzi, kama baba anayemsaidia bibi harusi kukata keki, akaufunika mkono wake kwa mkono wake mwenyewe, akausogeza mpaka kwenye kebo, akabana. Mkasi ukalia tik.

Kwa sekunde mbili hakuna aliyetazama kompyuta. Walikuwa wanapiga makofi. Kisha mwandishi wa michezo akasema, "Aisee, yangu imeganda." Na wa jirani yake, "Na yangu." Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa hiyo wale wa nyuma walikuwa bado wanacheka wa mbele walipokuwa wamesimama. Ukurasa wa kwanza wa Kanivali ulikuwa katikati ya kusafirishwa kwenda kwenye mtambo. Mhariri alikuwa anagonga vibonye kama anayefukuza kuku. Bi Ofelia hakuinuka kitini.

"Donado," akasema.

Injinia alikuwa amekwisha kuelewa. Uso ulimshuka mpaka ukawa wa mzee. "Tangu jana, ulisema."

"Saa sita mchana."

"Uliona taa."

"Niliona. Na pini niliiona."

"Ukaandika sawa."

"Nikaandika sawa."

"Kwa nini?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

Everlides akaitazama ramani, na kidole cha mama yake ambacho kilikuwa bado juu ya jina.

"Nilidhani ni jina la Yamil," akasema.

Yamil, na fulana yake, akatazama sakafu. Hakuna aliyepata utani wa kusema. Wangeupata, wangeusema, nawajua.

Everlides akachukua mashine yake, akashuka ghalani peke yake. Akatoa pini. Akakata, akasafisha, akalaza uso kwa uso, akaunga mara moja, akafunika. Kitaa cha kabati la nne kikawa kijani, cha tano kikawa kijani, na kule juu kompyuta zikaamka, maana pete ilikuwa imebaki na jeraha moja tu, lile la mkasi, na jeraha moja iliweza kulibeba kama alivyoichora. Alitazama saa. Dakika kumi na tisa.

Alipopanda, watu walikuwa wameinamia kazi, wanaandika upya yaliyopotea. Hakuna aliyeinua kichwa. Keki ilikuwa pale pale haijaguswa. Injinia alikuwa ameshika kisu cha kukatia karatasi, anakiweka kwenye ukingo wa kile kisanduku cha chini kulia.

"Liache," Bi Ofelia akamwambia. "Gazeti langu limeganda nusu saa mkesha wa Kanivali. Watu wataniuliza ni kosa la nani. Sitaki nitafute jina, nataka ninyooshe kidole tu. Litabaki hapo mpaka nife, na mimi sifi leo." Kisha akamgeukia Everlides. "Kazi yako ni nzuri. Usiingie tena kwangu."

Injinia akanyoosha mkono. Everlides akavua mashine begani, akamkabidhi, na kalamu ya mwanga mwekundu, na funguo za makabati matano. Ikabaki alama ya mkanda kwenye shati lake.

Mama Dominga alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, beseni miguuni. Hakuna aliyechukua hata kashata moja. Alikuwa amesikia kila kitu, na mengi hakuyaelewa, pete na vitaa na makabati. Moja alilielewa.

"Ulijua tangu jana?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Ulipokuja nyumbani, nikiwa napiga pasi. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama."

Mama akafunika kashata kwa kitambaa, akaviringisha kata yake, akaiweka kichwani, akapandisha beseni mwenyewe. Binti alipoinama kumsaidia, aliusukuma mkono wake pembeni, taratibu, bila kumtazama. Akamgeukia Magaly, mtu asiyemjua, akamuuliza njia ya kutokea ni ipi.